Msemaji wa Mwaka wa Tatu

Wanafunzi wa mwaka wa tatu wa tiba ya viungo walijichagulia msemaji ambaye wengi wao hawakuwahi kumsikia akisema. Usiwacheke haraka, hata wewe ungemchagua. Uchaguzi ulifanyika mchana kweupe kwenye grupu la simu, watu wametawanyika majumbani kwao, na jina lililotajwa lilikuwa moja tu. Kura zilikuwa vidole gumba. Vilimiminika mpaka simu ya mchaguliwa ikawa haitulii mezani.

Mchaguliwa huyo walimwita Kalamu. Si jina la kuzaliwa. Alibandikwa na wenzake baada ya chuo kuhamia mtandaoni, kwa namna alivyokuwa akiandika. Mwalimu akiuliza swali, wenzake wakiwa bado wanatafuta pa kuwashia kipaza sauti, jibu la Kalamu lilishatua pembeni ya skrini. Wala hakuwa mtu wa kuandika kama anayekimbizwa na mbwa, herufi mbili hapa, tatu kule. Sentensi zake zilisimama kwa miguu yao, na mara nyingi mwishoni palikuwa na kautani kadogo kalikofanya darasa zima litume vicheko.

Mwalimu wa mifupa, mama wa makamo aliyezoea kufundisha huku akimtazama mtu machoni, alikuwa amechoka kuongea na visanduku vyeusi. Aliuliza kama wako pamoja, kimya. Aliuliza tena, kimya, labda jogoo wa jirani wa mtu anawika. Basi ujumbe wa Kalamu ukiingia, mama wa watu aliusoma kwa sauti kama aliyeletewa maji ya kunywa: sikieni Kalamu anavyosema. Kwa hiyo darasa lilimsikia Kalamu kila siku, ila kwa mdomo wa mwalimu.

Mdomo wake mwenyewe ulikuwa habari nyingine. Kalamu alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kujikwaa kidogo mtu akiwa na haraka, ambacho watu hukionea hata raha. Cha kwake kilikuwa cha kufunga mlango na kuondoka na ufunguo. Neno lilifika mdomoni likasimama, naye akasimama nalo, koo limekaza, macho yametoka, wakawa wanangojana nani aanze. Ukumbini, miaka yote miwili ya mwanzo, alikaa safu ya nyuma karibu na dirisha. Jibu analo, mkono haunyanyuki. Kwenye kazi za vikundi aliomba achore yeye, wenzake waongee. Mwalimu akimgeukia na swali alitikisa kichwa kwamba hajui, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, maana alijua. Wengine walimwona mpole, wengine walisema binti anaringa. Aliyejua ukweli wake alikuwa kijana mmoja mrefu, Twiga, aliyekaa nyuma pamoja naye kwa kuwa miguu yake haikuenea kwenye safu za mbele. Twiga alikuwa na tabia moja adimu: ukianza neno, anakungoja ulimalize.

Kisha ukuta wa ukumbi ukapasuka. Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule, ufa ukaanzia darini ukashuka mpaka kwenye ubao, na wahandisi walipokuja kuutazama walitikisa vichwa, wakazungushia jengo utepe mwekundu. Ijumaa watu walikaa kwenye viti vya mbao wakisinzia kama kawaida, Jumatatu wakaambiwa chuo kiko kwenye simu zao. Hakuna aliyeulizwa kama yuko tayari. Asiye na kompyuta atajijua, asiye na bando atajijua zaidi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda hiki kilikuwa na kunguni wa kila rangi. Mmoja alisomea jikoni, sufuria zikigongana nyuma ya somo la moyo. Mwingine alilazimika kukaa juu ya ukuta wa uani, ndipo mtandao ulipomfikia, na majirani wakamzoea kama paka. Tena hao walikuwa wanafunzi wa tiba ya viungo, watu ambao kazi yao ni mikono. Mwalimu alinyanyua kiunzi chake cha mifupa mbele ya kamera, kichwa cha kiunzi kikawa nje ya picha, akakishusha, miguu ikapotea. Walifanyia mazoezi kile kilichokuwepo: mito, wadogo zao, na kuna aliyejifunza goti kwa mguu wa stuli.

Kalamu peke yake ndiye aliyekuwa peponi. Aliamka mapema, akachana nywele ingawa hakuna wa kumwona, akakaa mbele ya skrini kama bibi harusi. Huku hapakuwa na mdomo. Palikuwa na vidole, na vidole vyake havikuwahi kukwama. Alama zake zilipanda, jina likapanda, na zaidi ya yote alijua, kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, utamu wa kutoa jibu kwa wakati wake. Huo utamu usiubeze kama hujawahi kuunyimwa.

Alikaa kwa shangazi yake, dada wa baba, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa, aliyekuwa na saluni kwenye chumba cha mbele cha nyumba. Ilikuwa na vioo viwili, viti vitatu, kikaushio cha nywele kinachonguruma, na harufu ya mafuta iliyokwisha kuingia hadi kwenye mapazia. Shangazi alimpenda sana, na kwa mapenzi hayohayo alimmalizia kila sentensi. Kalamu akianza kuomba ch-, shangazi alishampa chai, na binti wa watu alitaka chaja. Alikunywa hivyohivyo.

Mgonjwa wa kwanza wa Kalamu alikuwa shangazi huyo. Kusuka nywele ni kazi ya mikono kuwa juu tangu asubuhi, na bega la kulia la shangazi lilikuwa limeanza kulalamika. Kila alichofundishwa kwenye skrini Kalamu alikuja kukijaribu pale kwenye kiti cha saluni: bonyeza hapa, zungusha hivi, vuta polepole. Na kila alipomaliza, shangazi alinyanyuka, akajinyoosha, akatangazia wateja.

"Mwanangu ana mikono ya dawa," alisema. "Bega jipya hili."

Basi Kalamu akawa na ushahidi. Mtu akilalamika kwenye grupu kwamba tiba ya viungo haisomeki kwa simu, yeye moyoni alimhurumia kama unavyomhurumia mvivu.

Ukumbi ulipokaribia kumalizika kukarabatiwa, habari zikaja kwamba si lazima warudi. Baadhi ya wakubwa wa chuo walikuwa wameonja raha ya mtandao: hakuna taa za kuwasha, hakuna viti vya kugongomea, hakuna foleni vyooni. Wakapendekeza madarasa yote, na ya mikono humohumo, yabaki mtandaoni moja kwa moja. Wengine wakapinga. Ili kukata mzizi wa fitina, baraza la chuo likaamua kuwasikiliza wanafunzi wenyewe kama wameridhika au la. Kila darasa lilete msemaji mmoja, kwenye kikao cha mtandaoni, kabla ya uamuzi.

Ndipo vile vidole gumba vilipomiminika. Kalamu alivitazama, akajua anapaswa kukataa, na akaandika kwamba amekubali. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, alidhani ataandika tu, kama anavyoandika siku zote, na mtu mwingine atasoma. Ya pili aliificha hata kwake mwenyewe. Waswahili wamesema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na Kalamu alikuwa amepewa ngoma nzima aiwambe. Darasa likibaki mtandaoni, yeye anabaki Kalamu. Likirudi ukumbini, anarudi dirishani.

Sababu ya kwanza haikumaliza wiki. Mwenyekiti wa baraza, mzee aliyestaafu ujaji, alitoa tangazo lake: maandishi ameshiba, kabati limejaa. Kila msemaji atasema kwa mdomo wake, uso wake ukionekana. Kalamu aliposoma, wazo la kwanza lilikuwa kujiuzulu. Lakini kujiuzulu kungehitaji maelezo, na maelezo ndiyo yaleyale aliyokuwa anayakimbia. Akajipa moyo kwamba maneno yatakuwa machache: darasa limeridhika, ahsanteni, kwaherini. Maneno machache aliweza kuyafanyia mazoezi.

Akauliza kwenye grupu, wazi mbele ya wote, na walimu wawili wamo humohumo: wenzangu, mmeridhika na masomo ya mtandaoni? Majibu yakaja kama mvua. Tumeridhika. Tunawashukuru walimu wetu. Hatuna neno. Kalamu akayasoma akatabasamu. Kazi imekwisha.

Jioni ile Twiga akapiga simu. Hakutuma ujumbe, alipiga, na ndivyo alivyokuwa akifanya na Kalamu peke yake.

Alimwambia kwamba alikuwa amekwenda kujitolea kwenye zahanati ya mtaani kwao, kwenye chumba cha mazoezi. Akapewa bibi mmoja aliyevunjika nyonga na sasa anajifunza kutembea upya. Twiga alijua kila kitu kuhusu nyonga: mifupa yake, mishipa yake, kila pembe inayoruhusiwa, na mtihani wake alikuwa ameupasua. Akashika mguu wa bibi, akaunyanyua kama kwenye video. Bibi hakusema kitu. Twiga akaendelea. Bibi akawa anatokwa na machozi kimyakimya, kwa adabu, kwa sababu hakutaka kumwaibisha kijana wa watu, mpaka mfanyakazi wa zahanati akaja akamtoa Twiga mkono.

"Mfanyakazi aliniambia nilipaswa kuhisi mguu unavyokataa," Twiga alisema. "Eti mguu ukikataa unahisi, hata mwenyewe akinyamaza. Mimi sikuhisi chochote, Kalamu. Nimeisoma nyonga nzima na sikujua inavyokataa."

Kalamu akamuuliza, kwa shida zake, mbona kwenye grupu ameandika ameridhika.

"Ningeandika nini, na mwalimu anasoma? Mama wa watu amejitahidi mpaka sauti imemkauka."

 Kalamu alikata simu akakaa kitandani, na taratibu, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka, akasikia kikaushio kinanguruma saluni, akalikumbuka bega la shangazi, akatoka kwenda kutazama.

Shangazi alikuwa na mteja wa mwisho. Alikuwa anamchana kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuegemeza kwenye mgongo wa kiti, umelala pale kama kitu alichoazimwa, na alipohitaji kunyanyua chupa ya mafuta rafuni alizunguka kiti kizima ili aifikie kwa kushoto. Alikuwa mwepesi kwa mkono huo wa kushoto. Hiyo haikuwa kazi ya siku moja. Kalamu alikuwa amepita mbele ya mlango ule kila siku, akikimbilia skrini yake, na hakuona.

Alisubiri mteja aondoke, akavuta kiti.

"Shangazi, bega linauma?"

Shangazi akafungua mdomo kuanza yale yake ya mikono ya dawa, akautazama uso wa binti, akaufunga.

"Linauma," akasema.

"T-tangu lini?"

"Halijaacha, mwanangu."

"Mbona ulisema n-nimekuponya?"

Shangazi akaanza kukusanya nywele sakafuni kwa mguu, hivihivi, bila fagio.

"Ulikuwa unatoka kwenye darasa lako unacheka," alisema. "Miaka yote ulikuwa unarudi chuoni umenuna kama umetoka msibani. Sasa unakuja hapa unacheka, unanishika bega, unaniuliza nimesikia nafuu. Ningekuambia nini? Bega ni langu, acha liume."

Kalamu alilia. Sitaficha, alilia sana, na shangazi alilia naye, kisha wakacheka kwa sababu shangazi alijipangusa machozi kwa kitambaa chenye dawa ya nywele na jicho likawaka moto. Walipotulia, Kalamu alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa nzuri, ya kumnyoosha mtu mgongo. Wote waliomzunguka walikuwa wamejibu wameridhika. Shangazi alijibu hivyo kwa mapenzi, darasa kwa adabu. Na yeye aliwaamini kwa sababu alitaka.

Akaanza upya. Safari hii hakuuliza grupuni. Aliwaandikia mmojammoja, kwa siri, na hakuuliza kama wameridhika. Aliuliza: umeshamshika mgonjwa wa kweli, na ilikuwaje? Hapo ndipo mambo yakatoka. Kuna aliyemshika baba yake mgongo, baba akalala chini siku nzima. Kuna aliyekiri kwamba bado anafanyia mto, na mto haulalamiki. Yule wa juu ya ukuta alisema kwamba theluthi moja ya mwili wa binadamu hajawahi kuisikia, maana mtandao hukatika hapohapo kila mara, kwa hiyo mgonjwa wa tumbo wasimletee. Kalamu alisoma yote, akajua atakachosema. Kilichobaki kilikuwa kukisema.

Twiga alijitolea kumsaidia. Mpango wake ulikuwa mwepesi: Kalamu aanze salamu, kisha azime kila kitu, na Twiga aingie aseme msemaji wetu ana tatizo la mtandao, namwakilisha. Nani atajua? Kila mtu duniani sasa hivi ana tatizo la mtandao. Kalamu alimshukuru akakataa. Alimwambia kwamba darasa lilimchagua yeye.

"Lilikuchagua halijui," Twiga alisema, si kwa ubaya.

"Sasa l-litajua," Kalamu alisema.

Siku ya kikao ilikuwa ya jua kali. Shangazi alifunga saluni, akaondoa chupa zote mezani, akamwekea mpwa wake kompyuta mahali palipo na mwanga mzuri, kisha akakaa kwenye kiti cha pembeni ambako kamera haimfikii, akajiziba mdomo kwa kiganja ili asije akammalizia mtu sentensi mbele ya baraza.

Kwenye skrini walikuwa watu wazima wengi, wenye miwani na makabati ya vitabu nyuma yao. Mwenyekiti alikuwa katikati, uso wa mtu asiyependa kupotezewa muda. Msemaji wa wahasibu alitangulia, na huyo alikuwa bomba lililofunguliwa: mtandao ni maendeleo, wameridhika mia kwa mia. Baadhi ya wajumbe wakaitikia kwa vichwa, wamefurahi. Kisha mwenyekiti akamwita wa tiba ya viungo.

Kalamu aliwasalimu. Salamu ilitoka, na sentensi ya kwanza ikatoka, polepole lakini yote. Akapata ujasiri. Akasema kwamba darasa lake linajifunza kazi ya m-, na hapo mlango ukafungwa.

Neno lilikuwa mikono. Alilijua, aliliona, lilikuwa limesimama pale kwenye midomo yake iliyobanana, na halikutoka. Uso ukakaza. Macho yakaganda kwenye kamera. Alijaribu kulisukuma, likazidi kushika.

Mwenyekiti alitazama skrini yake, akasogea karibu, akatazama tena.

"Naona binti amekatika," alisema. "Picha imeganda."

"Mtandao wa huko si mzuri," mjumbe mmoja akasema, na mwingine akakubali kwamba hata kwake leo unasumbua.

"Basi tusimpotezee muda. Akirudi ataandika yaliyobaki, katibu atatusomea. Anayefuata."

Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo, na hapo ndipo ulipokuwa mtego wenyewe. Kalamu alipewa kila alichowahi kuomba, kwenye sinia: ataandika, watasoma. Alihitaji kukaa vilevile tu, asipepese macho, mpaka picha yake iondolewe. Darasa lingeambiwa ni mtandao. Hakuna ambaye angejua, na Twiga angenyamaza mpaka kaburini. Simu yake ilikuwa inatetemeka kwa ujumbe wa wenzake waliokuwa wakifuatilia: pole Kalamu, mtandao mbaya, andika, andika.

Pembeni, shangazi alikuwa amesimama, mkono bado mdomoni.

Kalamu akapepesa macho. Kisha akanyanyua mkono wake juu, akaupunga mbele ya kamera mpaka mwenyekiti akauona ukitembea.

"Si m-," alisema, likashika, akalingoja, halikutoka, akalingoja tena. "Si mtandao, mwenyekiti. Mtandao wangu mzima. Ni mimi. Nina k-kigugumizi. Nikikwama, ningojeni."

 Msemaji aliyekuwa ameitwa akazima kipaza sauti chake. Mwenyekiti alivua miwani, na ilionekana wazi kwamba mzee ameona haya.

"Niwie radhi, binti," akasema. "Tunakungoja."

Basi Kalamu akasema, na alichukua muda wake wote. Yaliyomkwama aliyangoja, nao wakangoja, na kadiri alivyoendelea aliona kwamba kungoja hakujamuua mtu. Hakusema kama alivyopanga, maana hotuba aliyoiandaa alikuwa ameshaiacha nyuma.

"Mmenitazama mkadhani ni mashine," alisema. "Siwalaumu. Kwenye skrini mtu aliyekwama na picha iliyoganda ni kitu kimoja. Mngekuwa chumba kimoja nami, mngeona ni mtu anahangaika. Sisi ndivyo tunavyosomeshwa wagonjwa. Mguu ukikataa, hatuoni. Mgonjwa akinyamaza kwa maumivu, hatuoni. Mwenzangu amemliza bibi wa watu na alikuwa amefaulu mtihani wa nyonga. Na mimi, mgonjwa wangu ni shangazi yangu. Nimemwumiza bega tangu tulipoanza, akaniambia amepona. Nilimwamini, kwa sababu sikujifunza kuhisi. Hilo hatukufundishwa, na mwalimu wetu hana kosa, maana halipiti kwenye waya. Darasa langu lilipoulizwa hadharani, lilisema limeridhika. Msilisikilize. Lilipoulizwa mmojammoja, limesema linaogopa kumshika mtu. Nadharia zibaki huku, hazina shida. Lakini mikono," na neno likatoka zima, "mikono irudi ukumbini."

Mwalimu wa mifupa, aliyekuwa amealikwa kusikiliza, aliinamisha kichwa. Mjumbe mmoja aliyependa sana mtandao, mkuu wa mitambo ya chuo, aliomba kuuliza jambo. Alikuwa na alama za madarasa yote mbele yake, na alikuwa ameona kitu.

"Binti, nisikuonee," alisema. "Lakini hapa naona tangu tuhamie mtandaoni wewe umetoka chini ukawa wa kwanza darasani. Hakuna aliyepanda kama wewe. Naomba jibu la ukweli. Wewe mwenyewe, uliridhika au hukuridhika?"

Kalamu akacheka. Hakutarajia kucheka, lakini kicheko kilitoka chenyewe, bila kukwama popote.

"Mimi?" alisema. "Mimi niliridhika kuliko wote mliowasikia leo. Ukumbini sikuwahi kusema neno moja. Huku nimepata mpaka jina. Tukirudi, wa kupoteza ni mimi." Akavuta pumzi. "Ndiyo maana mniamini nikiwaambia t-"

Likamkwama. Lilikuwa refu kuliko yote, na koo lilimkaza mpaka mshipa ukaonekana. Wajumbe wote walimngoja, hakuna aliyemwita anayefuata, hakuna aliyemsaidia.

"Turudini," akasema.